Gatesi na Foleni za Mlima

Mashine mpya zilifika Gisenyi, mpakani mwa Rwanda, siku ya mvua, zimefungwa ndani ya maboksi makubwa yaliyofunikwa turubai, na wafanyakazi wote wa kituo wakatoka nje kuzipokea kama watu wanaopokea bibi harusi. Kituo chenyewe ni jengo la ghorofa moja kando ya barabara inayopanda kwenda Nyundo, na kazi yake ni kusikiliza milima ya volkano. Vipimo vilivyofukiwa ardhini kuanzia Bugeshi hadi Nyamyumba hutuma pale kila mtetemo wa ardhi, hata ule ambao binadamu hausikii. Kompyuta za kituo hukokotoa mtetemo umeanzia wapi, uko chini kiasi gani, na kama unapanda kuja juu. Majibu hutumwa kwenye simu za viongozi wa vijiji, nao huwaambia watu wao kama walale ndani au watoke.

Siku hiyo Daktari Mbabazi, mkurugenzi wa kituo, alisimama mlangoni huku mvua ikimchuruzika usoni, wala hajali. Alikuwa amehangaika muda mrefu kutafuta wafadhili wa mashine zile. Zilikuwa na vichakataji vingi kuliko zile za zamani, na kichakataji ndicho kiungo kinachofanya hesabu ndani ya kompyuta.

"Sasa mlima ukikohoa, sisi tutakuwa tumeshajibu," alisema, na watu wakacheka na kupiga makofi.

Wiki moja baadaye, mashine zikiwa zimeunganishwa na kuwashwa, majibu yalianza kuchelewa kuliko zamani.

Mwanzoni watu walidhani ni ugeni wa mitambo. Wakazima wakawasha. Wellars, fundi wa vipimo, mtu wa makamo aliyekulia Goma na ambaye hucheka hata akiwa na hasira, alikagua nyaya zote moja baada ya nyingine akaona hazina tatizo. Daktari Mbabazi naye akawa hapiti chumba cha mashine bila kugusa kioo cha mlango kwa vidole, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Mwisho aliitisha kikao akasema huenda vichakataji havijatosha, na kwamba itabidi awaandikie tena wafadhili.

Hapo ndipo Gatesi, mhandisi wa kompyuta wa kituo, alipoinua mkono.

"Daktari, naomba usiandike kwanza. Nipe muda nipime kazi zinasubiri wapi."

"Zinasubiri wapi? Si zinasubiri vichakataji?"

"Ndicho ninachotaka kujua," alijibu Gatesi. "Sina hakika kwamba ndivyo."

Gatesi alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwenye familia ya Wanyarwanda waliokuwa wameishi huko tangu enzi za babu yake. Alikuja Rwanda akiwa bado mtoto, amepanda lori pamoja na wazazi wake, ng'ombe watatu na mlango wa mbao ambao baba yake alikataa kuuacha. Baba hakuishi sana baada ya safari ile. Mama yake, Mukamusoni, akapata shamba Bugeshi, kule juu kwenye baridi chini ya volkano, akaanza kulima viazi kwenye udongo mweusi ambao hakuwahi kuuona kabla. Gatesi alisoma Nyundo kwa masista. Kiswahili chake cha Karagwe kiliwachekesha wenzake, wakamwita redio, kwa sababu alisema kama mtangazaji wa habari. Hakuchukia. Aliwahi kumwambia mumewe kwamba jina lile lilimfundisha kuongea polepole na kumaliza sentensi.

Hesabu alizipenda mapema, lakini kilichomshika hasa ni somo moja la chuo kikuu, lililohusu foleni. Wanafunzi wengi walilikimbia. Yeye alishangaa kwamba kuna watu waliokaa chini wakaandika kanuni za kusubiri: ukijua kazi zinafika kwa kasi gani, na kila moja inahudumiwa kwa muda gani, unaweza kusema kabla ya siku yenyewe kufika kwamba foleni itakuwa ndefu kiasi gani. Alipenda zaidi pale somo lilipoingia kwenye mitandao ya kompyuta zenye vichakataji vingi, ambako kazi moja hutoka foleni hii ikaingia ile, ikarudi tena ya kwanza, mpaka imalizike. Aliona ni kitu kilicho hai. Baada ya masomo alifanya kazi Kigali miaka kadhaa kwenye kampuni ya mitambo. Mlima wa upande wa Goma, ng'ambo ya mpaka, ulipofoka mwaka 2021, na ardhi ya Gisenyi ikatikisika siku nyingi mfululizo, ukuta wa nyumba ya mama yake ulipasuka kutoka dirishani hadi chini. Mama hakutaka kuhama. Basi Gatesi ndiye aliyehama. Alimchukua mumewe Valens, mwalimu, na binti yao Ikirezi, wakaja kuishi Gisenyi, naye akaajiriwa kwenye kile kituo cha kusikiliza milima.

Huyo ndiye aliyeinua mkono kikaoni.

Alianza kwa kupima. Aliandika programu ndogo iliyofuata kila kazi tangu inapoingia kwenye mtandao wa kituo mpaka jibu linapotoka, ikaweka alama kila mahali kazi ilipokaa kusubiri. Kisha akachora ubaoni. Alichora duara kwa ajili ya mapokezi, duara kwa kila kichakataji, na duara moja kubwa kwa ajili ya hifadhi, yaani diski za pamoja ambamo rekodi zote za mitetemo huwekwa. Kutoka duara hadi duara akachora mishale. Kila mshale ulikuwa na namba yake, na ubao ulikuwa umejaa kiasi kwamba mfagiaji aliogopa kuufuta hata pembeni.

"Mama Ikirezi," alisema Wellars, ambaye humwita kwa jina la binti yake, "hii ni kompyuta ao ni njia za soko?"

"Njoo nikuonyeshe." Gatesi akaweka kidole kwenye duara moja dogo. "Mtetemo ukifika, kazi inakuja hapa, kwenye kichakataji. Inahesabiwa kidogo. Halafu inahitaji rekodi za zamani ili ilinganishe, kwa hiyo inakwenda hifadhini kuchukua. Inarudi, inahesabiwa tena kidogo, inakwenda tena hifadhini. Inafanya hivyo mara nyingi kabla ya kumaliza. Sasa angalia. Vichakataji tumeviongeza. Hifadhi tumeiongeza?"

Wellars akatazama duara kubwa lenye mishale iliyolielekea kutoka kila upande. "Non. Iko ile ile moja."

"Basi tumeongeza watu wa kugonga mlango, na mlango ni ule ule. Wakigonga wote pamoja, hifadhi inatumia nguvu kubwa kuruka kutoka rekodi hii kwenda ile, na kila mmoja anachelewa kuliko alipokuwa peke yake."

Hayo aliyarudia mbele ya Daktari Mbabazi, safari hii akiwa na hesabu kamili. Modeli yake ilionyesha kwamba vichakataji vingi vilikuwa vimekaa bure sehemu kubwa ya muda, vikingoja rekodi, na kwamba hata wakinunua vingine mara mbili ya hivyo majibu hayatatoka mapema hata kidogo. Lakini wakiigawa hifadhi iwe sehemu kadhaa zinazofanya kazi sambamba, kusubiri kutapungua. Aliandika pembeni ya ubao muda anaotarajia, kabla chochote hakijabadilishwa, ili kila mtu aje ahukumu.

Daktari Mbabazi alikulia Mbarara, Uganda, na huwa hajibu kwa haraka. Aliusoma ubao wote, duara baada ya duara. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nakwenda kuomba kitu tusichokihitaji. Asante, Gatesi. Fanya."

Hifadhi ikagawanywa. Muda uliopimwa ukakaribiana sana na ule ulioandikwa ubaoni, na kituo kizima kikaamini kwamba hesabu za foleni si mchezo. Gatesi siku hiyo alitembea hadi nyumbani kwa miguu akipitia ufukweni, ingawa kulikuwa na manyunyu, kwa sababu alitaka furaha ile ikae naye kidogo kabla hajaanza kupika.

Ni Wellars peke yake aliyekuwa na neno. Alilisema siku chache baadaye wakinywa chai.

"Hesabu yako iko muzuri, mi sibishi. Lakini iko kitu kimoja. Ule mulima hautume moja moja. Inanyamaza, inanyamaza, halafu inatuma yote pamoya. Siku ile itakuwa namna gani?"

Gatesi alimjibu kwamba modeli inatumia wastani wa muda mrefu, na kwamba nafasi waliyoiacha inatosha. Aliamini alichosema. Wellars akainua mabega, akamalizia chai yake.

Siku ile ilikuja Jumapili, saa za mchana, watu wametoka kanisani na wengi wako mezani. Ardhi ilitikisika mara moja, vyombo vikalia kabatini. Gatesi akasimama kusikiliza. Ikatikisika tena. Kabla hajavaa viatu ilikuwa imeshatikisika mara nyingine kadhaa, ndogo ndogo, kama mtu anayebisha hodi na hataki kuondoka. Alipofika kituoni Wellars alikuwa ameshafika, na Daktari Mbabazi aliingia nyuma yake na gauni lake la kanisani.

Kwenye kioo cha kompyuta, mstari unaoonyesha kazi zinazosubiri ulikuwa umeinuka. Vipimo vyote, kutoka Bugeshi hadi ziwani, vilikuwa vinatuma kwa wakati mmoja. Kila mtetemo ulizaa kazi yake, kila kazi ilirudi hifadhini mara nyingi, na nyuma yake ilikuwa imekwisha kuja nyingine. Vilevile kulikuwa na kazi ndefu za utafiti, zile zinazochukua siku kadhaa kulinganisha rekodi za miaka, ambazo zilikuwa zimeanza tangu Ijumaa na zilikuwa bado zimeshikilia nafasi zao bila haraka. Mitetemo mipya ilijipanga nyuma yake.

Simu ya Gatesi ikaita. Alikuwa mama yake.

"Gatesi, huku tumetoka nje wote. Viongozi wanasema hawajapata ujumbe. Niambie wewe uliye huko. Unapanda au haupandi?"

"Mama, bado hatujui. Mashine zinahesabu."

"Zitamaliza lini?"

Gatesi alitazama ule mstari. Yeye ndiye mtu pekee mjini ambaye angeweza kujibu swali hilo kwa hesabu, na kwa hesabu hiyo alijua kwamba jibu ni baya. "Zitachelewa, Mama. Jifunike. Usiingie ndani kwa sasa."

"Haya, mwanangu," alisema Mukamusoni, bila kulalamika, na mvua ilisikika ikipiga turubai mahali fulani karibu naye.

Majibu yalitoka usiku wa manane, foleni ikiwa imepungua yenyewe, wakati mlima ulikuwa umeshanyamaza kitambo. Mitetemo ilikuwa chini sana, mbali na makazi, na haikuwa inapanda. Watu wa Bugeshi wangeweza kulala vitandani mwao. Badala yake walikuwa wamelala uwanjani, kwenye baridi ambayo kule juu huingia hadi kwenye mifupa.

Kesho yake Gatesi alipanda pikipiki kwenda Bugeshi. Alimkuta mama yake jikoni, ameketi karibu na moto, anakohoa, amemfunika jirani mmoja mzee kwa blanketi lake mwenyewe. Njiani watu waliomtambua walimsalimia vizuri. Hakuna aliyemsema. Hilo lilimuuma zaidi.

"Kula," mama yake alimwambia, akamsogezea sahani ya viazi.

"Mama, ni kosa langu. Nilisema mashine zitatosha."

Mukamusoni aliuchochea moto. "Ulisema kwa uongo?"

"Hapana. Nilihesabu vibaya."

"Basi hesabu tena. Mimi viazi vikioza mwaka huu, mwakani siachi kulima." Akamshika mkono. "Lakini kula kwanza, umekonda."

Kwenye kikao cha Jumanne Gatesi hakungoja aulizwe. Alisimama akasema modeli yake ina tatizo, na tatizo liko wapi. Alikuwa ameichukulia mitetemo kana kwamba inafika kila mmoja kwa wakati wake, bila habari ya mwenzake, kama wapita njia wasiojuana. Dhana hiyo ndiyo iliyomo kwenye vitabu vingi vya foleni, kwa sababu hurahisisha hesabu. Lakini mitetemo haifiki hivyo. Mmoja huita mwingine, hufika makundi makundi, na foleni ya makundi hukua kwa namna tofauti kabisa hata kama wastani ni ule ule. "Wellars aliniambia," aliongeza. "Nilimsikia, lakini sikumsikiliza."

Wellars akacheka kwa aibu, akaangalia chini. "Bon, mi nilisema tu. Hesabu siijue."

Daktari Mbabazi aliuliza itachukua muda gani kutengeneza nyingine.

"Sijui bado," alisema Gatesi. "Nikishajua nitasema."

Ilichukua miezi. Alichimbua rekodi zote za mitetemo za miaka iliyopita, akazipanga kuona makundi yanakuwa makubwa kiasi gani na yanapumzika kwa muda gani. Kanuni alizozijua hazikumfaa tena, kwa hiyo akaandika programu ya kuigiza, yaani mtandao wa kituo wa kubuni ndani ya kompyuta moja, ambao aliuletea mlima wa kubuni na kuutazama ukizidiwa. Aliubadilisha, akauzidishia mzigo tena. Kuna jioni Valens alimkuta mezani amepanga maharage mabichi kwenye mistari, anayasogeza kwa kidole, na Ikirezi amekaa mkabala naye akisubiri kwa adabu maharage hayo yaruhusiwe kupikwa. Alikataa mwaliko wa kwenda kusema kwenye mkutano Kigali kuhusu ile modeli ya kwanza. Aliwajibu kwamba itakuwa si haki kuisifia wakati anajua inapokosea.

Mwisho alipata kitu, na hakikuwa cha kununua. Kazi za mitetemo mipya ni fupi. Kazi za utafiti ni ndefu. Zikikaa foleni moja, fupi hukwama nyuma ya ndefu, na siku ya makundi ndipo uharibifu unapokuwa mkubwa. Akapendekeza njia mbili. Hesabu ya kwanza ya kila mtetemo, ile ya kujua tu uko wapi na kama unapanda, ipewe vichakataji vyake, na rekodi chache inazozihitaji zikae tayari ndani ya kumbukumbu ya mashine, ili isilazimike kwenda hifadhini hata mara moja. Na mlima ukianza kutuma kwa makundi, kazi zote ndefu zisimame papo hapo, ziachie nafasi, zisubiri hata kama ni siku tatu.

Tatizo ni kwamba kazi ndefu kuliko zote ilikuwa ya Daktari Mbabazi mwenyewe. Alikuwa ameifanya kwa miaka, utafiti juu ya jinsi ardhi ya chini ya ziwa inavyosogea, na alikuwa ameahidi kuumaliza kabla ya mwaka kwisha. Gatesi alilijua hilo alipokwenda ofisini kwake. Alifunga mlango, akaweka michoro mezani, akaeleza kila kitu bila kukwepa.

"Kwa hiyo," alisema Daktari Mbabazi, "mlima ukitikisika, mimi ndiye nasubiri."

"Ndiyo, Daktari."

"Na ukitikisika mara kwa mara?"

"Unasubiri mara kwa mara. Nimehesabu. Huenda usimalize mwaka huu."

Daktari alichukua mchoro mmoja akautazama kwa karibu. Nje, pikipiki zilikuwa zinapanda kilima kwa kelele. "Jumapili ile," alisema, "kazi iliyokuwa inashikilia nafasi tangu Ijumaa ilikuwa yangu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Hukusema kikaoni."

"Halikuwa kosa lako. Hakuna aliyeiwekea kanuni ya kupisha."

Daktari Mbabazi akachukua kalamu, akasaini pale chini ya mchoro, ingawa hakuna aliyemwomba saini. "Iwekee kanuni," alisema. "Anza na yangu."

Walipomaliza kuipanga mitambo upya, Gatesi hakutaka kuwaamini wenzake wala kujiamini mwenyewe. Alichukua rekodi za ile Jumapili, mtetemo baada ya mtetemo, akazirusha tena kwenye mashine kama vile mlima umeamka. Wakasimama wote watatu, yeye, Wellars na Daktari Mbabazi, kwenye chumba cha baridi kinachovuma feni. Kazi ndefu zikasimama. Mstari wa zinazosubiri ukainuka kidogo, ukatulia, ukashuka. Majibu yalitoka moja baada ya jingine, kwa haraka kiasi kwamba Wellars alishindwa kujizuia akapiga kofi ukutani.

"Tena," alisema Gatesi, na wakarudia, safari hii na kundi kubwa zaidi. Lilipofika kundi kubwa kupita yote, mashine zilizidiwa, naye akaandika kiwango hicho, akakibandika mlangoni kwa herufi kubwa ili kila mtu ajue mashine zinaishia wapi. Daktari Mbabazi alisema hajawahi kuona mhandisi anayetangaza udhaifu wa mtambo wake kwenye mlango.

"Wanaotegemea huu mtambo wana haki ya kujua," alisema Gatesi.

Mlima uliamka tena msimu wa mvua uliofuata, asubuhi, siku ya kazi. Shule za Bugeshi zilikuwa zimejaa watoto. Mtikisiko wa kwanza uliangusha chaki, wa pili na wa tatu ukafuata, kisha kundi zima. Walimu wakawatoa watoto uwanjani, wakawapanga, wakaanza kuwahesabu. Kituoni kazi ndefu zilisimama, ya Daktari Mbabazi ikiwa ya kwanza. Yeye mwenyewe alisimama nyuma ya kiti cha Gatesi, mikono kifuani, akitazama miezi ya utafiti wake ikigandishwa.

Jibu la kwanza lilitoka watoto wakiwa bado wanapangwa. La pili likalithibitisha, na la tatu. Chini sana. Haupandi. Ujumbe ukaenda kwa viongozi wa vijiji, na kutoka kwao kwenye vipaza sauti na simu za watu. Ardhi iliendelea kutikisika mpaka mchana, na kila mara jibu lilikuwa limeshatoka kabla watu hawajamaliza kuulizana. Walimu wakawaacha watoto uwanjani wacheze kwanza, kwa tahadhari, halafu wakawarudisha madarasani.

Gatesi alikuwa ameiweka simu mezani mbele yake. Alingoja mama yake apige. Ikapita nusu saa, ikapita saa nzima, simu kimya. Wasiwasi ukampanda. Labda ule ukuta. Labda ameanguka. Akabonyeza namba.

Iliita sana kabla haijapokelewa.

"Gatesi? Kuna nini?"

"Mama, uko salama? Mbona hujanipigia?"

"Nikupigie kwa nini? Ujumbe nimeupata. Wamesema haupandi, nami nina viazi vya kuchimba kabla mvua haijarudi." Sauti ya jembe ilisikika ikiwekwa chini. "Wewe uko kazini au umekaa tu na simu?"

Gatesi alicheka mpaka machozi yakamtoka, hata Wellars akauliza kuna nini.

Utafiti wa Daktari Mbabazi ulichelewa kama ilivyohesabiwa, ukatoka mwaka uliofuata. Alipoulizwa na wafadhili sababu, aliwatumia ule mchoro wenye saini yake. Mwaliko wa Kigali ulikuja tena, na safari hii Gatesi alikubali. Alitumia nusu ya muda wake akieleza modeli ya kwanza na jinsi ilivyokosea, na wasikilizaji, wengi wao vijana wanaojenga mitambo ya benki na ya simu, waliandika zaidi sehemu hiyo kuliko ile ya pili. Siku hizi huwa anapokea wageni kutoka ng'ambo ya mpaka. Majuzi walikuja wahandisi wawili kutoka Goma ambao wanataka kujenga kituo kama hicho upande wao, na mmoja akafungua mazungumzo kwa kuuliza anunue vichakataji vingapi. Gatesi aliwavutia viti, akamwita Wellars aje na chai, akafuta sehemu ya ubao. Wakaketi hapo mchana kutwa, wote wanne, wakichora.